Nyota Kando ya Muhtasari

Kwa miaka 11 nilikuwa katibu wa bodi ya klabu ya soka ya kulipwa. Katiba ya klabu ilinipa kiti bila kura: niliitisha vikao, nilihakikisha akidi imetimia, niliandika muhtasari na kutunza mafaili. Nilifanya kazi chini ya wenyeviti watatu, watendaji wakuu wanne, na makocha ambao nikiitaja idadi yao nitaonekana natia chumvi. Watu wanaponiuliza niliyojifunza huko hutarajia niwasimulie fitina, na fitina zilikuwapo kweli, za kutosha kuujaza usiku mzima. Hata hivyo, nikiyapima madhara yaliyoipata klabu kila uongozi ulipobadilika, fitina haziko juu ya orodha. Kilichotuumiza zaidi ni mambo ambayo kila aliyekuwamo chumbani aliyajua na hakuna aliyeyaandika, na mtu aliyekuwa akilipwa kuyaandika nilikuwa mimi.

Muhtasari una adabu zake, na mimi nilizirithi kutoka kwa katibu aliyenitangulia. Mjumbe akigonga meza na kulalamika kuwa beki fulani anadai fedha zake za usajili tangu msimu uliopita, na mwenyekiti akajibu kwa hasira kwamba atazilipa kutoka mfukoni mwake kabla ya mechi ya Jumamosi, katibu anayejua kazi huandika hivi: "Bodi ilijadili masuala ya wachezaji na kumwachia mwenyekiti ayashughulikie." Sentensi hiyo haimkwazi mtu. Ikisomwa kwenye kikao kinachofuata, wajumbe wanaafiki, muhtasari unathibitishwa na mwenyekiti anatia saini. Niliandika mamia ya sentensi za namna hiyo na nilijivunia ulaini wake. Lakini kwa kuwa nafsi haikutulia kabisa, nilikuwa na daftari langu la jalada gumu, la kijani, ambamo kila neno zito lililosemwa na kuachwa nje ya muhtasari nililiandika kwa kifupi na kulichorea nyota pembeni. Daftari hilo halikuwa mali ya klabu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza lina nini.

Mwenyekiti wa kwanza ndiye aliyekuwa klabu yenyewe. Sisemi hivyo kwa kumbeza. Aliijua sura ya kila mchezaji wa timu ya vijana, alipokea simu za mawakala usiku wa manane na kukubaliana nao bei huku mtendaji mkuu akiwa hana habari, na fedha zake binafsi ziliziba pengo kila mara mapato ya mlangoni na ya udhamini yaliposhindwa kufika kwenye mishahara. Nilichelewa kuelewa kwamba ukarimu wa namna ile nao huficha hesabu. Klabu ilionekana haina madeni makubwa kwa sababu madeni yalikuwa ndani ya simu yake, katika jumbe na ahadi alizompa huyu na yule. Alipojiuzulu, baada ya msimu wa matokeo mabaya na kuzomewa na wanachama hadi getini, aliondoka na simu hiyo.

Mkutano mkuu ukachagua mwenyekiti mpya na wajumbe wapya sita kati ya tisa. Makabidhiano yalichukua dakika 40. Nina hakika na muda huo kwa sababu niliuandika. Juu ya meza kulikuwa na mihuri miwili, funguo za ofisi, orodha ya akaunti za benki pamoja na majina ya watia saini, hati ya basi la timu na mafaili matatu ya mikataba. Kila kitu kilitiwa tiki, picha ikapigwa, wakapeana mikono. Nilikuwa nimeketi mwisho wa meza, daftari la kijani likiwa mkobani mwangu, na sikulitoa. Nilijiambia kwamba mwenyekiti mpya ana watu wake wa kumweleza mambo, na kwamba haimpasi katibu kumpokea mkubwa kwa habari za matatizo siku ya furaha yake. Ulikuwa uoga, ingawa siku ile niliuita heshima.

Tatizo la kwanza lilijitokeza ndani ya wiki mbili, na kwa namna fulani lilichekesha. Tangu Oktoba 2010, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa kulipwa sharti upitie kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA uitwao TMS, ambamo klabu inayomwachia mchezaji na ile inayompokea kila moja huingiza taarifa zake, na zisipolingana jambo haliendi mbele. Wenye idhini ya kuufungua mfumo huo katika klabu huwa wachache. Kwetu alikuwa mmoja tu, kijana aliyeletwa na mwenyekiti wa zamani, naye aliondoka pamoja na aliyemleta bila hata barua. Tulikubaliana na mshambuliaji kutoka nje, tukamtangaza, tukampiga picha akiwa na jezi, kisha siku nne kabla ya dirisha la usajili kufungwa tukagundua kwamba hakuna aliyeweza kuingia kwenye mfumo. Mtendaji mkuu mpya alinitazama kana kwamba nimeficha ufunguo wa stoo. Simu zilipigwa, barua zikaandikwa kwa shirikisho, na hatimaye kijana yule akabembelezwa arudi kwa mkataba wa wiki moja. Alikuja saa tatu usiku, akaketi kwenye kompyuta bila kumsalimia mtu, akafanya kazi yake kwa saa moja na nusu na kuondoka. Usajili ulipita. Mimi nikaandika: "Bodi ilipokea taarifa ya kukamilika kwa usajili."

La pili halikuchekesha hata kidogo. Katika wiki za mwisho za msimu ule mbaya, mwenyekiti wa zamani aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi ambayo tungeshindwa tungeshuka daraja, akawaambia wachezaji kwamba wakibaki ligi kuu kila mmoja atalipwa nyongeza ya mshahara wa mwezi mzima. Nilikuwa nimesimama mlangoni na orodha ya kikosi mkononi. Tulishinda kwa bao la dakika za mwisho, nyongeza haikulipwa, na uongozi ukabadilika. Msimu mpya ulipoanza, nahodha alikuja ofisini, akaketishwa mbele ya mwenyekiti mpya, akaieleza ahadi hiyo kwa utulivu wa mtu anayeamini anazungumza jambo linalojulikana. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza karatasi iko wapi. Nahodha akanigeukia.

"Katibu, wewe si ulikuwepo?"

Nilisema kwamba nilikuwepo. Mwenyekiti akaniuliza iwapo jambo hilo limo katika muhtasari wowote, nikasema halimo. Basi likaishia hapo, kwa upande wa ofisi. Kwa upande wa wachezaji ndipo lilipoanzia, kwa sababu nahodha alirudi mazoezini na kuwaeleza wenzake kwamba katika klabu hii hata ushahidi wa katibu hauna thamani. Wachezaji waliokuwa tayari kuvumilia mshahara kuchelewa siku kumi walipoteza uvumilivu huo ndani ya alasiri moja.

Mishahara nayo ilichelewa kweli, kwa kuwa mwenyekiti mpya hakuwa na fedha za kuziba pengo na hakuona kwamba ni wajibu wake kuziba. Katika hilo alikuwa na haki: klabu isiyoweza kuishi bila mfuko wa mtu mmoja imekwisha kufilisika ila haijatangaziwa. Lakini alilipa gharama ya ukweli huo peke yake. Tangu mwaka 2018, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi aidai klabu kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15 kulipa. Barua tatu za aina hiyo zilifika mezani kwangu katika wiki moja, zote zikiwa na maneno yaleyale, dalili kwamba ziliandikwa na wakili mmoja. Tulimlipa mmoja. Wengine wawili waliondoka katikati ya msimu bila klabu kupata chochote, na mmoja wao alikuwa nahodha.

Nimekuwa nikijiuliza kama klabu kubwa, zenye majengo ya ofisi na wanasheria wa kudumu, huepukana na mambo haya. Haziepukani. Mwaka 2013 Manchester United ilimpoteza kocha wake Sir Alex Ferguson na mtendaji mkuu David Gill katika majira yaleyale ya kiangazi, ikiwa imetoka kutwaa ubingwa wake wa 20 wa ligi ya Uingereza. Ed Woodward, aliyeshika nafasi ya Gill, alitokea upande wa fedha na biashara. Iliripotiwa wakati ule kwamba mkataba wa kiungo Marouane Fellaini na klabu ya Everton ulikuwa na kipengele kilichomruhusu kuondoka kwa pauni milioni 23.5 hadi mwisho wa Julai. United ikamchukua siku ya mwisho ya dirisha kwa pauni milioni 27.5. Kinachonishangaza ni kwamba kocha mpya, David Moyes, alikuwa ametoka Everton kwenyewe. Kujua jambo hakutoshi pale ambapo mtu aliyezoea kuligeuza kuwa simu, barua na saini ameondoka na mrithi wake bado anatafuta milango.

Chelsea iliuzwa Mei 2022, baada ya miaka 19 ya umiliki wa Roman Abramovich, na ndani ya wiki chache mwenyekiti Bruce Buck, Marina Granovskaia aliyekuwa akisimamia usajili, na Petr Čech aliyekuwa mshauri wa ufundi wote wakawa wametoka, huku mmiliki mwenza Todd Boehly akishika mwenyewe kwa muda ukurugenzi wa michezo. Mnamo Septemba 7 Thomas Tuchel, kocha aliyewapa Ligi ya Mabingwa mwaka uliotangulia, naye akafungashiwa virago. Sidai kwamba wamiliki wapya walikosea kuleta watu wao. Kila anayenunua nyumba hubadilisha kufuli. Ninachokiona, kwa macho ya katibu, ni kwamba watu watatu waliojua yaliyomo ndani ya yasiyoandikwa waliondoka kwa pamoja, wakati dirisha la usajili liko wazi.

Nirudi kwetu, kwenye jambo ninalolionea aibu zaidi. Mwenyekiti wa pili alitaka kocha wake, kama wanavyotaka wengi, lakini wadhamini walikuwa wanampenda aliyekuwepo. Baada ya sare mbili na kichapo kimoja aliniagiza niandike taarifa kwa vyombo vya habari kwamba bodi ina imani kamili na kocha. Niliiandika. Kocha alinipigia simu usiku ule kunishukuru, akidhani maneno yale yalitoka moyoni mwa mtu. Siku 11 baadaye niliifungua taarifa ileile kwenye kompyuta, nikaacha nembo na anwani, nikabadilisha tarehe, nikafuta katikati na kuandika kwamba klabu na kocha wamekubaliana kuachana kwa maelewano. Hakukuwa na maelewano. Kulikuwa na kipengele cha fidia ambacho hakuna mjumbe aliyekisoma kabla ya kupiga kura, nami nilikuwa na mkataba huo katika faili umbali wa mkono wangu. Ningeweza kusema: ndugu wajumbe, kabla hamjapiga kura, someni ukurasa wa sita. Sikuwa na kura, lakini mdomo nilikuwa nao. Fidia ile tuliilipa kwa awamu, na awamu ya mwisho ililipwa na uongozi uliofuata, ambao haukuwa hata na habari kwamba kocha huyo alikuwa anadai.

Mwenyekiti wa pili aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye kabla ya muda wake kwisha, na klabu ikaongozwa na kamati ya muda kwa miezi minne. Kipindi hicho hakizungumzwi vya kutosha. Barcelona ilikipitia pia: rais wake Josep Maria Bartomeu na bodi yake walijiuzulu Oktoba 27, 2020, na kamati iliyoongozwa na Carles Tusquets ikashika mahali pao hadi uchaguzi wa Machi 7, 2021 uliomrudisha Joan Laporta kwenye urais. Kamati ya muda huwa na watu wema wanaoogopa kalamu. Kila jambo lenye athari ya zaidi ya mwezi mmoja wanalisogeza kwa "uongozi ujao", na uongozi ujao unapoingia unakuta meza imejaa mikataba iliyokwisha muda jana. Kwetu, mikataba ya wachezaji vijana watano iliisha katika miezi ile. Tulibakiwa na wawili.

Mwenyekiti wa tatu alikuwa mwanamke aliyekuwa mkaguzi wa hesabu maisha yake yote. Kabla ya kuapishwa aliomba ahudhurie vikao viwili vya kamati ya muda kama msikilizaji, akaketi karibu nami bila kusema neno. Katika kikao cha pili mjumbe mmoja alizungumza kwa ukali kuhusu wakala anayedai asilimia yake ya mauzo ya kiungo wetu, na mimi, kama ilivyokuwa desturi yangu, niliandika sentensi laini kwenye muhtasari kisha nikafungua daftari la kijani na kuchora nyota. Kikao kilipokwisha alibaki ameketi mpaka wengine wakatoka.

"Katibu, hilo daftari ni la nani?"

"Ni langu, Mwenyekiti."

"Na nyota ni za nini?"

Nilimweleza. Nilitarajia anikaripie au anisifu, lakini hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu zipo ngapi, nikasema sijawahi kuzihesabu. Tukazihesabu pamoja jioni ile, tukapata 143 kutoka madaftari mawili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limejaa na liko nyumbani kwangu. Kwa wiki tatu zilizofuata makabidhiano yetu yalikuwa hayo: alikuja kila jioni, nikasoma nyota moja baada ya nyingine, yeye akauliza nani aliahidi, nani alisikia, na je, aliyeahidiwa bado anasubiri. Nyingi zilikuwa zimekufa zenyewe. Zile zilizo hai aliziandika upya katika waraka aliouwasilisha kwenye kikao chake cha kwanza kama ajenda namba moja, na baadhi ya wajumbe wa zamani waliutazama waraka ule kama mtu anayeonyeshwa nguo zake za ndani. Kuanzia hapo muhtasari ulibadilika. Mjumbe akiahidi kitu, jina lake liliandikwa pamoja na tarehe. Vikao vilipungua maneno kwa namna ambayo sikuitegemea, kwani watu walianza kuahidi kidogo.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mgumu kwa watu, na katika kupunguza gharama aliwaondoa wazee wawili wa timu ya vijana ambao, kama wale wengine, waliondoka na waliyoyajua vichwani mwao. Na kulikuwa na nyota moja ambayo ilitushinda sote. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kijana mmoja aliyekulia kwetu alikuwa ameuzwa huko nje, kutoka klabu moja kwenda nyingine ya nchi tofauti, wakati wa mwenyekiti wa pili. Mjumbe wa masuala ya vijana wa bodi ya kwanza ndiye aliyekuwa akimfuatilia, naye aling'olewa katika uchaguzi uliomleta mwenyekiti huyo wa pili. Katika daftari langu kulikuwa na jina la kijana, nyota, na neno moja: "afuatiliwe". Nililiandika mimi, miaka mitatu kabla. Mwenyekiti alipouliza nani afuatilie nini, ilinichukua siku mbili kukumbuka, na tulipoandika madai tuliambiwa kwamba shauri la namna hiyo halipokelewi likipita miaka miwili tangu tukio. Tangu Novemba 2022 FIFA ina taasisi ya kushughulikia malipo hayo kwa utaratibu wa kielektroniki, na klabu za leo hazina sababu ya kutegemea kumbukumbu ya mzee mmoja. Sisi tuliitegemea.

Nilistaafu mwishoni mwa msimu uliofuata. Mrithi wangu ni binti aliyesomea sheria, mwepesi kuliko mimi, na anaandika muhtasari kwenye kompyuta kikao kikiendelea. Siku ya mwisho nilimletea madaftari yote matatu, na ingawa nyota zilizobaki hai zilikuwa chache, alitaka azijue zote, hata zilizokufa. Tuliketi kuanzia mchana. Kila alipogusa nyota nilimwambia habari yake, mara nyingine kwa kirefu kuliko ilivyostahili, naye akawa anaandika. Taa za uwanja wa mazoezi zilipowashwa tulikuwa tumefika kurasa za mwisho, na zilibaki tatu ambazo niliyasoma maneno yake, nikayarudia kwa sauti, nikavaa miwani na kuyasoma tena.

"Hii je?" aliniuliza, kidole kikiwa juu ya ya tatu.

Nikamwambia sikumbuki, naye akaandika hivyohivyo, jina langu na tarehe.